Kumtazama Kozi wa Mjini: Mafunzo kutoka Likasi

Kozi ni ndege mwindaji wa anga wazi. Jina lake la kisayansi ni Falco peregrinus, naye anaishi katika kila bara isipokuwa Antaktika, tangu nchi za barafu za kaskazini hadi ncha ya kusini mwa Afrika. Kwa asili ni ndege wa magenge: hutaga kwenye kingo za miamba wima, mahali ambapo mnyama mla mayai na mtu hawafiki kwa urahisi. Katika karne ya 20 alizidi kuhamia majengo marefu ya miji, minara ya makanisa, madaraja na dohani za viwanda. Leo ni mmoja wa ndege wawindaji wachache ambao mtu anaweza kuwatazama wakilea makinda huku amesimama kando ya barabara ya lami.

Umbo na uwindaji

Kwa ukubwa kozi hukaribiana na kunguru. Mgongo wake ni wa kijivu kilichoiva, kifua ni cheupe au cha manjano hafifu chenye mistari myembamba inayokata, na weusi wa kichwa hushuka chini ya macho mithili ya masharubu. Mabawa ni marefu yenye ncha kali. Mkia ni mfupi. Jike humzidi dume kwa karibu theluthi moja ya ukubwa, na tofauti hiyo huonekana hata kwa mbali wawili hao wakiruka pamoja.

Wataalamu huwagawa kozi katika nususpishi zipatazo 19. Wakazi wa kudumu wa Afrika kusini mwa Sahara ni wa nususpishi iitwayo minor, wadogo kidogo na wenye rangi iliyokolea. Msimu wa mvua huwaleta wageni wa nususpishi ya calidus, wakubwa na weupe zaidi, wanaozaliana kwenye tundra ya Urusi na kusafiri maelfu ya kilomita kukimbia majira ya baridi. Kwa hiyo kozi anayeonekana Katanga, eneo la Kongo ulipo mji wa Likasi, mwezi wa Januari huenda alizaliwa mahali pasipo hata mti mmoja, karibu na bahari ya barafu.

Chakula chake karibu chote ni ndege wengine: njiwa, tetere, mbayuwayu, kwera, na ndege wa majini pale penye bwawa au mto. Wakati wa machweo hukamata popo pia. Huwinda akiwa hewani, na mawindo yake yakiwa hewani. Hupanda juu sana, hufunga mabawa na kujitupa chini kwa kasi inayopita kilomita 300 kwa saa. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kumzidi kasi. Hupiga kwa miguu, kisha hulidaka windo kabla halijagusa ardhi. Mdomo wake wa juu una jino dogo kila upande, na kwa jino hilo hukata uti wa shingo mara moja.

Namna hii ya kuwinda ndiyo inayoeleza tabia zake nyingine zote. Ndege anayeshambulia kutoka juu anahitaji mahali pa juu pa kukaa, upeo mpana usiozibwa na matawi, na ndege wengi wanaokatiza uwazi huo. Vifaranga wa kuku wanaochakura uani hawamo katika hatari kubwa kutoka kwake. Hao hutishwa na mwewe.

Mahali pa kutagia

Kozi hajengi kiota. Hachukui vijiti wala majani. Huchagua ukingo ulio juu, hukwangua kwa kifua na miguu kishimo kidogo katika changarawe au vumbi, na jike hutaga humo mayai matatu au manne yenye rangi ya kutu. Wazazi wote wawili huatamia, jike akikaa zaidi, kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Makinda huruka mara ya kwanza wakiwa na wiki sita, kisha hubaki mwezi mmoja au miwili wakilishwa na kufundishwa kuwinda. Wazazi huwapitishia windo angani, na kinda asiyejua kudaka hulala na njaa siku hiyo. Kusini na katikati mwa Afrika kazi hii yote hufanyika hasa wakati wa kiangazi, anga ikiwa kavu na ukingo haujatiririkwa na maji.

Jozi huwa na uaminifu kwa mahali pake. Ukingo mmoja unaweza kutumiwa miaka mingi. Mmoja wa jozi akifa, mwingine hupata mwenzi mpya na kubaki palepale. Kuna magenge ya Ulaya yaliyotumiwa na kozi kwa vizazi visivyohesabika.

Machoni mwa ndege huyu jengo la ghorofa nyingi ni genge. Lina ukuta wima, lina kingo, na chini yake kuna njiwa wa mjini ambao hawapungui mwaka mzima. Lina upungufu mmoja tu: saruji tupu haishiki yai. Yai huviringika, au hulala katika maji ya mvua na kuoza. Ndiyo maana katika miji mingi watu huweka juu ya jengo sanduku la mbao lenye tabaka la changarawe, matundu ya kupitisha maji na kivuli upande wa jua kali. Sanduku hilo dogo limewasaidia kozi wa miji mingi.

Maganda yaliyovunjika

Kati ya miaka ya 1940 na 1960 kozi walitoweka katika sehemu kubwa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Hawakuwa wamekosa chakula wala magenge. Walikuwa wakitaga, lakini mayai yalipondeka chini ya mama anayeatamia.

Chanzo kilikuwa DDT, dawa ya kuua wadudu iliyoenea mashambani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Dawa hiyo haiozi upesi, na hujikusanya katika mafuta ya mwili. Mdudu hubeba kidogo. Ndege mla wadudu hubeba ya wadudu wengi. Kozi, anayekula ndege hao, hubeba ya wote. Ndani ya mwili DDT hugeuka kuwa DDE, ambayo huzuia chokaa ya kutosha kuingia katika ganda la yai. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alichapisha uthibitisho kwa kupima mayai yaliyohifadhiwa katika makusanyo ya zamani na kuyalinganisha na mapya: maganda yalikuwa yamepungua uzito ghafla, kuanzia miaka ile ile dawa ilipoanza kutumiwa. Mwaka uliofuata Joseph Hickey na Daniel Anderson walionyesha jambo hilohilo kwa mayai ya Marekani.

Marekani iliipiga marufuku DDT kilimoni mwaka 1972. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliipunguzia matumizi duniani kote, ukiiacha kwa ajili ya kupambana na mbu wa malaria pale ambapo hakuna njia nyingine iliyo salama na yenye uwezo. Ruhusa hiyo inaihusu Afrika zaidi kuliko bara lingine lolote, kwa sababu malaria inaua huku. Kinachotakiwa ni dawa kupuliziwa ndani ya nyumba, ukutani, isimwagwe shambani wala mtoni.

Miji iliyompokea

Mojawapo ya jozi za kwanza za mjini kufuatiliwa kwa makini ilikaa Montreal, Kanada, juu ya jengo la kampuni ya bima ya Sun Life, tangu mwaka 1936 hadi 1952. Mayai ya mwanzo yaliharibika kwa kukosa changarawe. Watazamaji walipoweka sinia zenye mchanga na kokoto, makinda yakaanza kukua.

Baada ya maangamizi ya DDT, mtaalamu wa ndege Tom Cade alianzisha mwaka 1970 shirika la Peregrine Fund lililozalisha kozi kizuizini na kuwaachia huru. Baadhi yao waliachiwa juu ya majengo, na wengine walichagua miji wenyewe. New York ilipata viota vyake vya kwanza vya kipindi hiki mwaka 1983, kwenye madaraja makubwa, na mwaka 1999 Marekani ilimwondoa kozi katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Kwa msomaji wa Katanga, mfano ulio karibu zaidi kihistoria ni Brussels, mji ambako maamuzi ya migodi ya Likasi yalikuwa yakitoka. Ubelgiji ilikuwa imepoteza kozi wake wote wanaozaliana kufikia miaka ya 1970. Mwaka 2004 jozi ilitaga juu ya mnara wa kanisa kuu la Watakatifu Mikaeli na Gudula, katikati ya mji. Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia ya Ubelgiji ikaweka kamera, na kila majira ya kuchipua wapita njia husimama mbele ya kanisa kuona makinda. Miongoni mwao wamo Wakongo wanaoishi Brussels, ambao mtaa wao wa Matonge hauko mbali na hapo.

Katika Afrika kozi bado ni ndege wa miamba zaidi kuliko wa miji. Magenge ya Batoka, chini ya maporomoko ya Victoria kwenye mto Zambezi, yamejulikana kwa kozi pamoja na binamu yake mdogo, kozi wa Taita, aliyepewa jina la vilima vya Taita nchini Kenya. Huko Cape Town kozi wa rasi wamefuatiliwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na huko wamezaliana kwenye miamba na pia kwenye majengo.

Likasi na anga yake

Likasi uko yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, kwenye uwanda wa juu unaokaribia mita 1,300. Chini ya Wabelgiji uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa kampuni ya Union Minière. Jina la Likasi lilithibitishwa mwaka 1966. Una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kiwanda cha Shituru, kinachotenga shaba kwa tindikali na umeme, kilianza kazi mwaka 1929. Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967, urithi wake ukaangukia mikononi mwa kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines.

Mji wa aina hii unampa kozi vitu anavyovitaka. Kuna dohani, kuna mapaa marefu ya karakana, kuna minara ya umeme unaotoka bwawa la Mwadingusha. Pembezoni, kuelekea mji wa Kambove, kuna mashimo ya wazi ya migodi ya zamani ambayo kuta zake zimechongwa ngazi kwa ngazi. Katika nchi nyingine kozi wametaga kwenye machimbo ya mawe yenye sura hiyohiyo. Njiwa wapo tele, wa porini na wa kufugwa kwenye vibanda.

Kumbukumbu za mtazamaji aliyekulia Panda, ambazo ndizo msingi wa makala haya, zinaanza na mwewe. Mwewe hufika Katanga kuelekea mwisho wa kiangazi, wakati miombo inapochomwa na moshi umetanda. Huzunguka juu ya moto kudaka panzi na panya wanaokimbia, kisha huhamia juu ya nyua za watu. Kina mama hupiga makelele, kuku hukusanya vifaranga, na mtoto hujifunza kutazama juu. Mvua za kwanza zikinyesha hutoka kumbikumbi, ambao watu wa huku huwaita inswa. Jioni hiyohiyo watoto wanapokusanya inswa kwenye taa, juu yao kozi wadogo wa Ulaya waliokuja na mvua huwala wakiwa wanaruka, wakiwapeleka mdomoni kwa mguu.

Kozi mkubwa hutambulishwa na njiwa. Njiwa waliotua juu ya paa la karakana hupaa wote kwa mkupuo, bila mlio wowote wa kuwashtua, na kuzunguka wakiwa wamebanana. Anayejua kutazama hawafuati njiwa. Hutazama juu yao. Hapo ndipo doa dogo lenye mabawa ya ncha kali huonekana, limetulia, na lililobaki huchukua sekunde chache.

Kuwatofautisha ndege hawa ndiyo kazi ya kwanza ya kila anayeanza. Mwewe ana mkia wenye panda, mabawa mapana na mwendo wa kuelea. Huokota mizoga na mabaki sokoni. Kozi mwenye utosi wa kutu, ambaye ni wa kawaida zaidi katika sehemu nyingi za Afrika, ana kifua kisicho na mistari ya kukata na hupenda kutaga katika viota vilivyoachwa na kunguru, hata juu ya minara ya umeme. Kozi wadogo wa mvua ni wembamba na huenda kwa makundi. Kozi wa makala haya ana kifua kipana, kichwa cheusi na mapigo ya bawa mafupi yenye nguvu.

Namna ya kutazama

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: darubini, daftari, kalamu na subira. Saa nzuri ni alfajiri na alasiri, jua likiwa chini na ndege wakisafiri kati ya malalo na malisho. Mahali pazuri ni palepale kila mara. Mtu anayehamahama huona ndege wengi na kuelewa wachache. Anayerudi mahali pamoja hujua upesi ni nguzo ipi inayokaliwa, na upepo wa upande gani huwaleta njiwa.

Dalili za ukingo unaotumiwa huonekana kutoka chini. Kinyesi cheupe huchora mistari ukutani. Chini ya ukuta huanguka manyoya na mabawa ya njiwa yaliyobaki yameungana na mfupa wa kifua, kwa sababu kozi hunyonyoa windo na kula nyama ya katikati. Jozi ikianza kuleta chakula badala ya kula, kuna makinda.

Umbali ni sheria. Kozi anayelia mfululizo na kumzungukia mtu anasema mtu huyo amekaribia mno. Mzazi aliyefukuzwa dakika kumi kwenye jua la Septemba anaweza kukuta mayai yameshaiva kwa joto. Kinda anayetua chini katika siku zake za kwanza za kuruka kwa kawaida hajaugua; akiondolewa barabarani na kuwekwa mahali pa juu karibu na wazazi, wataendelea kumlisha.

Kila tazamo huandikwa siku hiyohiyo: tarehe, saa, hali ya hewa, mahali, idadi na ndege alichokuwa akifanya. Siku ambayo hakuonekana huandikwa pia, kwa sababu kutokuwepo kwake ni habari.

Yanayojifunzwa

Funzo la kwanza linahusu ukaribu. Mashariki ya Likasi liko ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lililokamilika mwaka 1930. Mwaka 1960 mtafiti Jean-Claude Ruwet alipata hapo kwera mmoja. Mwaka 1982 ndege huyo alitangazwa kuwa spishi mpya na kupewa jina lake, Ploceus ruweti. Hakutambuliwa tena hadi mwaka 2009, alipokutwa akiishi kando ya ziwa lilelile, tena si kwa uchache. Kwa miaka 49 spishi nzima iliishi jirani ya mji wa viwanda bila mtu kuandika kuwa ameiona tena. Ndege walikuwepo; daftari ndilo lililokosekana.

Funzo la pili linahusu sumu. Kozi yuko kileleni mwa mfululizo wa walaji, kwa hiyo kilichomwagwa chini humfikia yeye kikiwa kimejikusanya. Mtu naye yuko huko juu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti na metali nyingine kwa wingi mkubwa katika mkojo wa watu wa Katanga, hasa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Metali si DDT, na njia zake mwilini ni nyingine. Lakini yai la kozi lilifundisha kanuni inayofaa kwa zote: madhara hupimwa ndani ya miili ya viumbe wanaokula, wala hayaonekani kwa kutazama moshi tu. Mji unaochimba madini una wajibu wa kupima maji, mboga, samaki na damu ya watoto wake, na kuyaweka wazi matokeo.

Funzo la tatu linahusu nafasi. Montreal haikumjengea kozi mbuga. Ilimwekea sinia la kokoto. Brussels ilimwachia kona ya mnara. Likasi unaweza kufanya vivyo hivyo kwa ndege wake wote wa juu, kozi, bundi na mwewe: kukagua dohani au paa kuukuu kabla ya kulibomoa, kuahirisha upakaji rangi hadi makinda yaruke, kuwafundisha watoto wenye manati shabaha nyingine, na kuacha kumwua bundi kwa madai ya uchawi. Bundi mmoja hukamata panya wengi, na panya ndiye mlaji wa mahindi ya ghala.

Funzo la nne linahusu muda. Ratcliffe aliweza kuthibitisha kisa cha DDT kwa sababu watu waliomtangulia walikuwa wametunza mayai yenye tarehe, bila kujua yatatumika kwa nini. Daftari la mwanafunzi wa shule ya Kikula, likitunzwa miaka 20, litakuwa na thamani hiyo. Litaonyesha mwewe wamefika mwezi gani kila mwaka, inswa wametoka mvua ya ngapi, ni nguzo ipi iliyokaliwa na ipi iliyoachwa. Shule zenye walimu wa biolojia, parokia zenye minara na vituo vya reli vinaweza kuanza kazi hiyo bila fedha ya kutoka nje, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kipo saa chache kwa barabara kupokea na kuhifadhi kilichoandikwa.